Tange yetu iko kichwani mwa nani?

Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa uendeshaji safari, marubani wakuu na wapanga rosta wa kampuni za ndege za ndani nchini Tanzania

Shikamooni wakubwa.

Tarehe 23 Desemba mwaka jana nilitua KIA mara mbili kwa siku moja. Ndege ilikuwa imejaa watu wanaokwenda kuhesabiwa nyumbani: mabegi, maboksi ya keki, watoto waliovalishwa masweta tangu Dar. Mara ya pili mawingu yalikuwa yamefunguka, nikauona mlima wote, na chini yake migomba ya kwetu. Tukakaa kama nusu saa, tukapakia abiria wa kurudi, tukageuza. Krismasi yenyewe niliimaliza Dar nikiwa stendibai, simu kifuani, sare imepigwa pasi inaning'inia mlangoni. Ilikuwa ya tatu mfululizo.

Siandiki kwa sababu ya Krismasi. Kazi hii niliichagua mwenyewe, na ndege hazilali kwa sababu ya sikukuu. Naandika kwa sababu ya jibu nililopewa nilipouliza. Niliambiwa, "Vumilia bwana mdogo, wenzako ni wakongwe." Mmoja wa hao wakongwe, aliyekula sikukuu yake Machame, aliajiriwa miezi kumi na minne baada yangu. Nikauliza kwa adabu: huo ukongwe unahesabiwaje, na mimi ni wa ngapi? Mpaka leo sijajibiwa. Nahisi hakuna mwenye jibu.

Kampuni yangu sitaitaja, na jina langu nalo litakaa pembeni. Nina miaka sita kwenye kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege za propela zile ambazo abiria huziita mapangaboi. Nimepiga soga na wenzangu wa kampuni nyingine tukisubiri mafuta Mwanza au Dodoma, na malalamiko ni yale yale, inabadilika rangi ya mkia tu.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wake siutamani, lakini kuna kitu anacho ambacho mimi sina: tange. Kwenye utumishi wa umma neno hilo halihitaji maelezo. Ni ile orodha ya watumishi kwa vyeo na tarehe: lini uliajiriwa, lini ulithibitishwa, lini ulipanda daraja, nani yuko mbele yako na nani nyuma. Dada akirukwa kwenye kupandishwa daraja, anaweza kulalamika, kwa sababu anamjua aliyemruka na tarehe zake. Mimi nikirukwa nabaki na hisia. Na mtu mwenye hisia bila karatasi, wakubwa, humwita mkorofi.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii, niseme kidogo kwa nini jambo hili ni zito kwa rubani kuliko kwa karani. Karani mkongwe na karani mpya wanaingia ofisini saa mbili wote. Kwetu sisi nafasi yako kwenye foleni ndiyo inayoamua utaamka saa ngapi, utalala mkoa gani, utarusha ndege ipi, na ikitokea kampuni inapunguza watu, kama utabaki na kazi.

Chukua siku ya kawaida. Ukipangiwa Mwanza kwenda na kurudi, unaingiza karibu saa nne kwenye logibuku, daftari letu la saa za kuruka, kwa kutua mara mbili. Ukipangiwa Zanzibar, hewani ni dakika ishirini hivi, nusu saa ukihesabu na kutambaa uwanjani, kwa hiyo saa nne zile zile unazitafuta kwa kutua mara saba, mara nane, mlango unafunguliwa na kufungwa, jua la Machi liko utosini na kabini imegeuka tanuri. Posho ya saa za kuruka ni moja. Mgongo hauwi mmoja. Halafu kuna zamu ya alfajiri, gari la kampuni linapiga honi Kinyerezi saa tisa na nusu usiku, na kuna zamu ya saa nne asubuhi ambayo mtu anakunywa chai na wanawe kwanza. Zote lazima zirushwe na mtu. Swali ni nani, na kwa kanuni gani.

Marekani wamelijibu swali hilo kwa ukali ambao mara ya kwanza uliniogopesha. Kwenye kampuni zao za mikoa, zile zinazorusha Embraer 175 na CRJ kwa niaba ya mashirika makubwa, kila rubani ana namba. Namba inatokana na tarehe ya kuajiriwa, basi. Kila mwezi marubani wanaomba ratiba wanazozitaka, na kompyuta inagawa kuanzia namba moja kushuka chini. Wa juu anapata siku zake za mapumziko, njia yake, kituo chake. Wa chini anaokota yaliyobaki, na mara nyingi yaliyobaki ni stendibai. Ndege ya aina mpya ikiingia, nafasi inatangazwa na namba ndiyo inayoongea. Ukapteni nao hivyo hivyo. Ndiyo maana kule unakuta rubani msaidizi mwenye sifa zote za kuwa kapteni amegoma kuhamia kiti cha kushoto. Kulia yeye ni mkongwe, anachagua; akihamia kushoto anakuwa kapteni wa mwisho kwenye orodha, anarudi stendibai na sikukuu zake zinakwenda. Anapiga hesabu, anaona bora abaki alipo. Hata anayekosa anajua kwa nini amekosa, na anaweza kukadiria atapata lini, kwa sababu anaziona tarehe za kustaafu za walio mbele yake.

Nao wana machungu yao, nisiwapake mafuta. Desemba 2007 walipopandisha umri wa kustaafu wa marubani kutoka miaka 60 hadi 65, orodha nzima iliganda. Aliyekuwa anangoja mzee mmoja aondoke ili apande akangoja miaka mingine. Na ukihama kampuni unaanza sifuri. Kapteni mwenye miaka ishirini kazini akienda shirika jingine anakaa chini ya kijana wa miaka ishirini na sita aliyemtangulia wiki moja. Hiyo sitaki ije kwetu. Marubani wetu tayari wamefungwa na bondi za mafunzo, ile mikataba ya kutohama kwa sababu kampuni imekulipia kozi. Hatuhitaji kamba ya pili.

Kuna jingine la kwao ambalo lisiwe la kusoma na kupita. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, Dash 8-400, aina ile ile tunayoirusha hapa, ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inaishiwa mwendo. Lakini walichimba pia maisha ya wale marubani wawili kabla ya safari. Rubani msaidizi kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, naye alikuwa anaishi upande wa Seattle, ng'ambo ya pili ya nchi. Usiku wa kuamkia siku ile alisafiri kwa ndege za mizigo ili awahi zamu. Wachunguzi waliandika kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia uwezo wote wawili, ila hawakuweza kupima kwa kiasi gani. Kwenye mfumo ule rubani mchanga hachagui kituo. Anapewa. Anaishi anapomudu kodi na anafika kazini anavyojua. Sheria zilibadilishwa baada ya hapo: tangu Januari 2014 rubani wao wa abiria lazima apate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kuguswa.

Hapa kwetu Mamlaka ya Usafiri wa Anga inaweka ukomo wa saa za kazi na kima cha mapumziko, na kampuni zinafuata. Sina neno hapo. Lakini ndani ya ukomo huo halali kuna uchovu unaopangwa kwa mtu yule yule kila wiki, na karatasi inasoma sawa.

Sasa nirudi kwenye lile swali langu, maana nimelifikiria sana nikiwa stendibai, muda ninao. Ukongwe ni nini? Mfikirieni kijana aliyesomeshwa urubani akaja na saa mia mbili na kitu, akaajiriwa na kampuni mwaka fulani mwezi wa tatu. Mwezi wa tisa anaajiriwa mwenzake aliyekuwa kwenye vindege vya watalii aina ya Caravan, ametua Seronera na Kogatende mpaka twiga wanamfahamu, ana saa elfu tatu. Nani mkongwe? Ukihesabu tarehe ya ajira, ni yule kijana. Ukihesabu saa, ni mtu wa Serengeti. Ukihesabu nani alianza kupata idhini ya aina ya ndege, huenda ni wa tatu kabisa, aliyepelekwa Addis Ababa au Johannesburg kwenye simyuleta, mashine ya kuigiza urushaji, mapema kwa sababu nafasi ilitokea na pasipoti yake ilikuwa tayari. Ukihesabu nani alitangulia kupata leseni ya juu, ile inayotaka saa 1,500, majibu yanabadilika tena.

Kila kimoja katika hivyo vipimo kina hoja. Mimi mwenyewe ningeweza kukitetea chochote, hata kile kinachoniumiza. Ubaya ni kwamba kampuni inavishika vyote vinne mfukoni na kutoa kimoja kulingana na siku. Kwenye likizo unaambiwa tarehe ya ajira. Kwenye kozi ya jeti unaambiwa saa. Kwenye ukapteni unaambiwa leseni. Na siku ambayo vyote vinne vinakubeba wewe, unaambiwa "busara ya uongozi." Tange iko kichwani mwa mtu, na kichwa cha mtu kina marafiki, kina shemeji, kina aliyemsaidia kusukuma gari Barabara ya Nyerere wakati wa mvua.

Simlaumu dada wa rosta. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yeye ndiye anayepokea matusi yetu yote kwenye WhatsApp usiku wa kutoa ratiba. Anapewa majina, ndege na safari, anaambiwa apange. Kapteni mmoja anampigia kuomba asilale Songea, mwingine anamwambia ana harusi, wa tatu hapigi simu kabisa kwa sababu amelelewa hivyo. Kwa nini tunashangaa kwamba yule asiyepiga simu ndiye analala Songea?

Jambo la ndege gani urushe ni zito kuliko rosta, kwa sababu rosta mbaya inaisha mwezi ukiisha. Kila aina ya ndege ina idhini yake kwenye leseni. Aliyepelekwa kwenye jeti hawezi kesho kushuka akarusha mapangaboi, na wa mapangaboi hawezi kupanda jeti kwa sababu kapteni anaumwa. Injini za jeti za Airbus A220 zilipoleta shida na ndege hizo zikaegeshwa chini sehemu nyingi duniani, Tanzania ikiwemo, marubani wake hawakuweza kumwagwa tu kwenye ndege nyingine. Kwa hiyo chaguo la nani aende kozi ya jeti linakaa miaka. Linaamua mshahara, linaamua kama utaona Mumbai au utaendelea kuona Mpanda, na linaamua thamani yako siku ukitafuta kazi kwingine. Kwangu nafasi ya namna hiyo ilijulikana baada ya mtu kuondoka. Tulimwona ameweka picha ya simyuleta kwenye status, ndipo tukajua kulikuwa na nafasi.

Najua mtasema ukongwe si uhodari. Ni kweli, na sitaki ukongwe umpe mtu kiti ambacho simyuleta imemnyima. Anayeshindwa mtihani ashindwe, awe wa kwanza au wa mwisho. Ninachoomba ni kwamba foleni ya kwenda kwenye huo mtihani ionekane.

Tena hapa nina ugomvi hata na wakongwe wenzetu, na nitausema ingawa nitanuniwa. Wakongwe wote wakichagua Mwanza ya mchana na Dodoma ya asubuhi, wanabaki wachanga kwa wachanga kwenye safari ngumu. Kapteni aliyevaa mistari minne juzi anawekwa na msaidizi aliyemaliza kozi juzi, wanapelekwa Bukoba msimu wa mvua, uwanja mfupi kando ya ziwa, wingu la Victoria limeshaamka kabla yao. Tangu Novemba 6, 2022, siku tuliyopoteza watu 19 pale, wakiwemo marubani wote wawili, hakuna kati yetu anayelisoma jina Bukoba kwenye rosta kama anavyosoma Iringa. Ajali ile siihusishi na rosta ya mtu yeyote. Nasema tu kwamba upangaji wa nani aruke na nani ni suala la usalama, na hapo chaguo la mkongwe lazima likome. Wamarekani, pamoja na kuabudu kwao namba, wana kanuni inayotaka mmoja kati ya kapteni na msaidizi wake awe na angalau saa 75 za kazini kwenye ndege ya aina hiyo. Ulaya nako kampuni zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kuzuia wageni wawili wasikae pamoja. Kwa hiyo mzee mwenye saa zake elfu kumi atalala Bukoba mara moja moja, apende asipende, amlee kijana.

Kuhusu kupunguzwa kazi nitasema machache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu ashauriane nao, pamoja na mambo mengine, juu ya njia ya kuwachagua watakaoondoka. Mwaka 2020, corona ilipofunga anga, marubani wengi duniani waligundua siku ya barua kwamba hawakuwahi kujua namba yao. Ni siku mbaya ya kuanza kuuliza.

Nimeambiwa na mkubwa mmoja, tena mtu ninayemheshimu, aliyenifundisha kutua kwenye upepo wa ubavu: "Sisi ni wadogo, marubani hata hamfiki arobaini, tunajuana." Ndiyo shida yenyewe, mzee wangu. Tunajuana mno. Shirika la marubani elfu tano haliwezi kumpendelea mtu kwa sababu halimjui. La marubani thelathini na kitu linajua nani anasali wapi, nani alimchangia nani send-off, nani alibishana na nani mwaka gani. Na kwa udogo huo, tange nzima inaenea kwenye karatasi moja ya A4.

Basi chagueni kipimo kimoja. Mimi ningechagua tarehe ya ajira, na walioingia siku moja watofautishwe kwa tarehe ya kuzaliwa, mkubwa mbele. Si kwa sababu ndicho kipimo bora, bali kwa sababu hakuna anayeweza kukisogeza. Mkiona saa za kuruka zinafaa zaidi, sawa, lakini ziwe hizo hizo kwenye likizo, kwenye kozi na kwenye ukapteni. Orodha ibandikwe. Kila mwezi mturuhusu tuombe angalau vitu viwili, siku moja ya mapumziko na safari moja tusiyoiweza, na aliyekosa aandikiwe ni nani aliyepata. Sikukuu ziondolewe kabisa kwenye ukongwe na zizunguke: aliyefanya Krismasi mwaka huu asifanye mwakani, na Idi hivyo hivyo, Waislamu na Wakristo tumeshaanza kubadilishana kimyakimya, nyie mnapitisha tu. Nafasi ya kozi itangazwe kabla ya picha ya status. Wachanga tuachiwe stendibai zetu, hilo hatulikatai, ila ziwe na ukomo, kwa sababu rubani asiyepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 hana uhalali wa kubeba abiria, na kuna mwaka nilibakiza siku chache nifike hapo huku nikiitwa mfanyakazi.

Rosta ya Desemba hutoka tarehe 25 Novemba. Kwenye chumba tunachokutania kabla ya safari kuna ubao wa matangazo. Upande wake wa kulia imetundikwa kalenda ya benki ya mwaka juzi, na hakuna anayeiangalia. Ikitolewa hiyo, A4 moja inaenea na nafasi inabaki.

Wenu mtiifu,
Rubani msaidizi, mapangaboi
Dar es Salaam